Aliyemzuia Tusajigwe

Watu wa mji huu wakimwona mtu amefunga kikapu, wanashangilia mpaka mbwa wa Majengo wanabweka. Wakimwona mtu amemzuia mwenzake asifunge, wanakaa kimya, au wanaulizana: yule mrefu anafanya nini pale, mbona hafungi? Swali hilo nimelisikia miaka mingi nikiwa nimekaa pembeni ya uwanja na sufuria yangu ya chai. Kila nikilisikia najifunga kitenge upya, kwa sababu mikono yangu nisipoipa kazi, mdomo utajitafutia kazi yake.

Yule mrefu ni mwanangu Coleta. Urefu ameutoa kwa baba yake, marehemu Eustaki. Lakini mwanaume mrefu anaitwa shababi, mwanamke mrefu anaitwa mlingoti. Toka akiwa shule ya msingi wamemwita nguzo ya umeme. Wamemuuliza kama huko juu mvua imeshaanza kunyesha. Wapo waliokuja kwangu na mshenga, wakamwona anaingia mlangoni akiinamisha kichwa, wakanywa chai yangu na hawakurudi. Mimi nilikuwa nasali rozari, nasema, Mama Maria, urefu huu umempa wa nini?

Jibu lilikuja kupitia kwa Mwalimu Kasmir, anayefundisha mpira wa kikapu pale uwanja wa saruji. Siku moja alikuja nyumbani, akatukalisha mimi na Coleta, akatuonyesha kwenye simu yake Wamarekani wa zamani, picha zenyewe hazina rangi.

"Huyu anaitwa Russell," akasema. "Na lile jitu pale ni Chamberlain. Kwa wakati wake hakuna aliyempata kwa kufunga."

"Kwa hiyo huyu Russell akamzuia asifunge?"

"Hapana, Mama Coleta. Mtu kama yule humzuii. Unamchosha. Unamfanya afungie mahali asipopapenda. Atafunga, lakini jasho linamtoka, na wenzake wamesimama wanamtazama kama watu waliokuja kwenye sinema. Mwisho wa msimu kombe linakwenda kwa huyu."

Nikatazama. Kweli, yule Russell alipouzuia mpira hakuupiga ukaenda kwa watazamaji ili ashangiliwe. Aliudokoa taratibu ukabaki kwa wenzake, wakakimbia nao. Hilo nililipenda. Ni kazi ya mtu mwenye akili, asiyetaka sifa.

Halafu akatuonyesha mwingine, huyu na rangi zake, Mutombo, mtu wa Kongo, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Akimzuia mtu, anamtikisia kidole: hapana, hapana, si nyumbani kwangu. Coleta akacheka mpaka akashika tumbo.

"Baadaye walikikataza hicho kidole," Mwalimu Kasmir akasema. "Ukimtikisia mwenzako unaandikiwa faulo."

"Na wewe usitikise," nikamwambia Coleta. "Ukimwangusha mtu, umwombe radhi kama ulivyolelewa. Uwanjani si porini."

Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo alivyofanya.

Sasa, mwaka huu ikaja timu ya Mikoko kutoka Dar es Salaam. Hao ni wanawake wanaolipwa kwa kucheza, hawana kazi nyingine. Walikuwa wanapita mikoani kabla ya ligi kuanza, wanacheza na timu za huku, na meneja wao, bwana mmoja anaitwa Loth, akatangaza kwamba hapa kwetu Sumbawanga atachukua mchezaji mmoja. Mmoja tu. Mwalimu Kasmir akatuambia wazi kwamba mwakani wanakwenda kanda nyingine. Coleta alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kama si siku ile, basi.

Jumapili baada ya misa ya pili nikaenda moja kwa moja uwanjani na kitenge changu cha kanisani, mimi na kina mama wenzangu wa jumuiya. Upepo wa kwetu ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka kwenye vikombe. Wageni wakashuka kwenye basi lao wakijikunja kwa baridi. Wa mwisho kushuka alikuwa Tusajigwe. Huyo watu walikuwa wanamjua kwenye simu zao. Mwanamke wa Mbeya, mabega mapana, anatembea kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Waliniambia kila mechi anafunga nusu ya pointi za timu yake peke yake.

Coleta ndiye aliyepewa kumkaba.

Mimi nimesoma darasa la saba tu, lakini macho hayasomeshwi. Tusajigwe alikuwa na mahali pake: upande wa kushoto wa kikapu, karibu kabisa. Anasimama pale, anakipa kikapu mgongo, anapokea mpira, anadunda mara moja, anatikisa bega kumdanganya mtu, anageukia kulia, imekwisha. Basi kila alipokwenda pale alimkuta Coleta ameshafika. Kama siku unapochelewa misa ukamkuta mtu amekaa kwenye benchi lako. Huwezi kumsukuma, huwezi kumkalia. Ikabidi apokelee mpira mbali, hatua mbili nje. Akatikisa bega, Coleta hakuruka. Akatikisa tena, Coleta amesimama, mikono juu imenyooka kama mtu anayesali Baba Yetu. Alisubiri mpaka mpira ulipouacha mkono wa mwenzake, ndipo akanyoosha vidole, akaudokoa. Happy, mfungaji wetu, akauokota, akakimbia nao, akafunga.

Kwenye kipaza sauti alikuwa Shedrack, kijana anayetangaza harusi na mnada. "Happyyyy!" akapiga kelele. "Mtoto wa Sumbawanga, moto wa kuotea mbali!"

Nikanyanyuka nikamfuata kwenye meza yake.

"Shedrack, na aliyeuzuia mpira ni nani?"

"Mama, shikamoo. Mimi natangaza wafungaji."

"Marahaba. Asingeuzuia, Happy angefunga nini? Upepo?"

"Mama Coleta, mwache afunge na yeye nimtaje! Amefunga kimoja tu toka tuanze."

"Na huyo wa Dar amefunga vingapi?"

Akatazama karatasi yake. Akaweka muziki.

Vilikuwa vitatu. Nusu ya mchezo imekwisha na mwanamke anayelipwa kwa kufunga alikuwa na vikapu vitatu. Alianza kuwafokea wenzake kwamba hawampi mpira vizuri. Alianza kumsemesha Coleta. Tulikuwa karibu, tukasikia.

"We dada, huna kwenu? Toka basi hapa!"

"Kwetu ni hapahapa," Coleta akamjibu, na mikono yake haikushuka.

Kina mama tukacheka. Bwana Loth hakucheka. Alikuwa na simu yake anarekodi, na nilivyomtazama, simu ilikuwa inafuata mpira tu. Mpira ukienda kwa Happy, simu inakwenda. Coleta akifanya kazi yake upande ambao mpira haupo, simu haimwoni. Nikajifunga kitenge upya.

Robo ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache, tulikuwa nyuma kwa vikapu viwili tu, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Coleta alikuwa na faulo tatu. Ikifika ya tano mchezaji anatoka. Tusajigwe akaja mbio na mpira, bega mbele. Coleta alikuwa amesimama, miguu chini, mikono juu. Wakagongana. Tusajigwe akaenda chini akaserereka kwenye saruji, goti likachubuka. Filimbi ikalia. Faulo ya Coleta! Yesu na Maria, mtu aliyesimama amemgonga nani? Lakini mwamuzi, aliyekuja na wageni kutoka huko Pwani, alishanyoosha mkono. Ya nne.

Coleta hakubishana. Aliona damu kwenye goti la mtu aliyemzidi umri, naye ndiye aliyebaki amesimama. Akakunja magoti mpaka chini, akainamisha kichwa, akakunja viganja, akapiga makofi yetu yale ya polepole, yenye sauti nzito. Hivyo ndivyo Mfipa anavyomsalimu mkubwa wake, hivyo ndivyo anavyomshukuru, na hivyo ndivyo anavyomwomba radhi. Mtoto wetu anajifunza kabla hajajua kula mwenyewe. Na sisi kina mama, kumwona binti yetu anaonyesha malezi mbele ya wageni, hatukufikiri hata kidogo. Tukainama palepale tulipokaa, tukamwitikia. Upande wetu wote wa uwanja ukawa makofi.

Mwamuzi akamtazama Coleta. Akatutazama sisi. Uso ukamvimba. Alichokiona yeye ni msichana aliyepewa faulo anampigia makofi kumkejeli, na wanawake wa mji mzima wanamsaidia kukejeli. Akaweka mkono mmoja juu ya mwingine, ile ishara yao ya utovu wa nidhamu. Faulo ya tano. Toka nje.

"Anaomba radhi!" Mwalimu Kasmir akaingia uwanjani akikimbia. "Mwamuzi, huyo anaomba radhi!"

"Kocha, rudi kwenye benchi, na wewe nitakutoa."

Coleta alikuwa bado amechuchumaa. "Nimefanya nini?" akauliza, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyechapwa akiwa usingizini.

Wenzangu walikuwa wanampigia mwamuzi kelele. Mimi sikumtazama mwamuzi. Toka Coleta alipochuchumaa nilikuwa namtazama Tusajigwe, kwa sababu anayeombwa radhi ndiye anayetakiwa kuitikia. Makofi yalipokuwa bado yanalia, niliiona mikono yake inakutana. Ilikutana kabisa, viganja vimekunjwa vizuri, si kama mgeni anayeiga. Halafu mwamuzi akatoa ile ishara, na mikono ikaachana, ikashuka kwenye goti lake lenye damu kana kwamba ndiko ilikokuwa inakwenda toka mwanzo.

Baada ya hapo kulikuwa na mchezo gani tena? Tusajigwe alisimama mahali pake pa kushoto na hakumkuta mtu. Alifunga kama nyani aliyeingia shamba la mahindi lisilo na mlinzi. Dakika zile chache alifunga vingi kuliko alivyofunga mchana mzima, na Shedrack akapasua koo: "Tusaaa! Tusajigweee!" Tukafungwa. Na watu wa kwetu wenyewe wakashangilia, ndicho kilichonichoma, wakashangilia kana kwamba walikuwa wanaona kitu kikubwa, wakati kikubwa kilikuwa kimekaa kwenye benchi na taulo kichwani.

Bwana Loth akasimama akamtangaza Happy. Happy ni mtoto mzuri, nimemwona akikua, namwombea. Lakini miguu yangu ilishaanza kutembea.

Nilimkuta bwana Loth karibu na basi, anafunga begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu Coleta amekosa nini?"

"Ah, yule mrefu. Mama, ana umbo zuri, siwezi kukuficha. Lakini kwetu nidhamu ndiyo ya kwanza. Mchezaji anayemkejeli mwamuzi hadharani, mimi nitambeba vipi?"

"Yale ni makofi ya adabu. Alikuwa anamwomba radhi mwenzake."

"Kila mzazi ananiambia mtoto wake ana adabu."

"Muulize yeyote aliyeko hapa."

"Hapa wote ni wenzenu, mama," akasema, akicheka kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko angenitukana. "Halafu amefunga kikapu kimoja, mama. Kimoja!"

"Na Tusajigwe wako, Coleta akiwa ndani, alifunga vingapi?"

Akajikuna shingo. "Tusa alikuwa amechoka. Barabara ya kuja kwenu ni ndefu."

Niliona nikibaki pale nitasema yasiyosemwa siku ya Bwana. Nikageuka. Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi, anamwagia goti maji ya chupa.

"Shikamoo mama," akasema.

Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu marahaba, lakini siku ile ilikataa kutoka.

"Wewe umekulia wapi?"

"Mbeya, mama."

"Mbeya peke yake?"

"Baba alikuwa mtumishi wa serikali. Tulihamahama."

"Mkahamia wapi?"

Akaifunga ile chupa. Akaifungua tena. "Mwimbi," akasema.

"Mwimbi ya hapa Kalambo, kwa Wafipa wenzetu."

"Ndiyo, mama. Nimesoma pale mpaka darasa la sita."

"Basi uliyaelewa."

Akalimwagia goti maji tena.

"Nakuuliza! Mtoto wangu alipochuchumaa mbele yako, uliyaelewa yale makofi?"

"Niliyaelewa, mama."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli. Namshukuru Bikira Maria kwamba nilikuwa nimebeba sufuria kwa mikono miwili.

"Mikono yako nimeiona," nikamwambia. "Ilianza kuitikia. Kwa nini uliishusha?"

"Mama, mimi nalipwa kwa kufunga," akasema, sasa na yeye sauti imepanda. "Mkataba wangu unakwisha mwezi ujao. Bosi amekaa pale anarekodi, mimi nina vikapu vitatu, tena nimezuiwa na msichana wa mkoani ambaye hakuna anayemjua. Wewe ungefanyaje?"

"Ningeitikia."

"Ningeitikia, mwamuzi angeelewa. Asingetolewa."

"Ndiyo!"

"Nisingefunga tena."

"Ndiyo! Usingefunga! Si ndiyo kazi yake? Amekuzuia mchana kutwa bila kukupiga kiwiko hata kimoja, na wewe umemtoa kwa kunyamaza!"

Watu walianza kusogea. Nyuma yangu nikasikia hatua za Coleta, nazijua hatua zake ndefu. Nikafikiri amekuja kunisaidia. Akanipita, akainama mbele ya yule mwanamke, akatazama goti.

"Dada, linauma sana? Hapo weka kitu safi, vumbi la kwetu ni baya."

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa na kejeli. Basi hilo ndilo lililomnyanyua Tusajigwe kwenye ngazi, si maneno yangu yote, na mpaka leo nikikumbuka hilo nalo linanikasirisha. Akaenda akichechemea mpaka kwa bwana Loth, akamwambia mbele yetu: yale makofi ni ya kuomba radhi, mimi nimeishi huku nayajua, nilinyamaza.

"Na unaniambia sasa hivi?" bwana Loth akasema. "Nimeshamtangaza mtu! Nafasi ni moja!"

"Huyu ndiye aliyenizuia, bosi. Sikuwa nimechoka na safari."

Bwana Loth akamtazama Coleta toka viatu mpaka nywele, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akafikiri.

"Haya. Aje kwa majaribio, mwezi mmoja. Kazi yake itakuwa kumkaba Tusa mazoezini. Akimfanya Tusa awe mkali, vizuri. Jezi simwahidi."

"Mwanangu si gunia la kufanyia mazoezi!" nikasema. "Na kwanza, umesema mbele ya mji mzima kwamba hana nidhamu. Utasema anayo mbele ya nani?"

Akageuka kuangalia uwanja. Shedrack alikuwa anakunja nyaya zake. "Watu wameshaondoka, mama," akasema.

Hivyo tu. Walipokuwepo alikuwa mkosaji, wameondoka amekuwa mwema. Nikamshika Coleta mkono. "Twende nyumbani."

Hakusogea. Mtu aliyeshindikana kusukumwa na Tusajigwe, mimi ningemsukumia wapi?

"Nitakwenda nao, mama."

"Kwenda kumfundisha kazi mtu aliyekunyamazia? Bila jezi?"

"Mama, toka nianze nimekuwa nikiwazuia watoto. Leo ndiyo nimekutana na mfungaji. Pale kushoto alinitikisa mara tatu, mara ya tatu kidogo niruke. Hukuona?"

Niliona. Sikumwambia.

"Nikikaa hapa, mpaka nazeeka watu watasema Coleta ni mrefu," akasema. "Mwezi mzima na huyu, nitajua kama mimi ni mlinzi au ni mrefu tu."

"Na mwezi ukiisha wakikurudisha?"

"Nitarudi najua."

Nikamtazama Mwalimu Kasmir anisaidie. Akatazama viatu vyake. Nikatazama mbinguni, huko nako kimya. Basi nikaona hasira yangu yote haina pa kukaa, maana anayedhulumiwa mwenyewe ameshafunga kamba za viatu.

"Inama," nikamwambia.

Akainama, ikabidi ainame sana kama siku zote, nikamchora alama ya msalaba kwenye paji la uso. Nilikuwa na maneno ya mama mcha Mungu tayari kinywani: uwe mpole, uwe na subira, usali asubuhi na jioni. Hayakutoka. Tusajigwe alikuwa amesimama palepale, anasikia, na mimi nikapaza sauti ili asikie vizuri.

"Huyo usimpe hata kikapu kimoja," nikasema. "Hata akikulilia."

Tusajigwe akacheka. Coleta naye akacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa natania.